Mwana wa Mulango: Mhubiri Aliyekuwa Mwalimu
(Hotuba ya ofisi ya katibu katika jubilei ya miaka 25 ya kwaya)

 

Kwa miaka 25 kwaya hii imesimama kabla ya mahubiri na kusimama tena baada ya mahubiri. Kazi yetu imekuwa kumfungulia mhubiri mlango na kuufunga akishamaliza. Leo tumeombwa tuseme machache juu ya huyo anayesimama katikati yetu, yaani mhubiri, na hasa mhubiri aliyesomea kazi yake. Mnajua kwa nini tumeombwa. Katika mkutano mkuu wa kwaya tulipiga kura kwamba sadaka ya jubilei isinunue kinanda kipya, bali ilipe karo ya kijana wetu mmoja wa sauti ya tena ambaye ameitwa kusomea theolojia. Kura ilipita, lakini haikupita kwa shangwe. Kinanda tulicho nacho kina vitufe vitatu visivyolia, na kila mtu anayejua kuhesabu anajua bei ya kinanda. Zaidi ya bei, mzee wetu mmoja tunayemheshimu alisimama akasema, kwa uchungu na si kwa hasira, kwamba amewaona vijana wakienda kusoma habari za Mungu na kurudi wakiwa wamepoa. Aliuliza kama tunataka kulipa pesa ili moto uzimwe.

Swali hilo hatukulijibu siku ile. Tungependa kulijibu leo kwa kumtazama mtu mmoja ambaye si wa kabila letu wala wa dhehebu letu, lakini ni wa Kenya yetu: Kasisi Profesa John Samuel Mbiti.

Alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui, mahali ambapo wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa na kituo chao. Wakamba wa Mulango walisikia Injili kama babu zetu walivyoisikia kule Nyanchwa na Nyabururu: pamoja na shule, pamoja na dawa, na pamoja na orodha ndefu ya mambo ya kuacha. Kijana Mbiti alipelekwa Alliance High School, Kikuyu, kisha Makerere, akamaliza mwaka 1953. Mwaka uliofuata kitabu chake cha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, kilitoka. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu watu humkumbuka kwa vitabu vyake vya Kiingereza na kusahau kwamba alianza na lugha ya mama yake.

Akaenda Marekani, chuo cha Barrington, akasomea theolojia. Aliporudi hakupewa kanisa kubwa. Alifundisha chuo cha ualimu Kangundo, kuanzia 1957 hadi 1959. Walimu mlio hapa, na kwaya hii ina walimu wengi kuliko wenye mashamba ya chai, mtakubaliana nasi kwamba hiyo ni shule ya unyenyekevu. Mtu aliyekaa mbele ya darasa la walimu wanafunzi amejifunza kwamba neno lisiloeleweka halijasemwa. Baadaye akaenda Cambridge, akapata udaktari mwaka 1963, akawekewa mikono katika Kanisa la Uingereza, akatumikia parokia mjini St Albans kwa muda mfupi. Mwaka 1964 akarudi Makerere, safari hii kama mwalimu, akakaa miaka 10.

Hapo Makerere alipambana na tatizo ambalo kila mhubiri wa Afrika amepambana nalo hata kama hakulipa jina. Alitakiwa kufundisha dini za Kiafrika, na vitabu vingi vilivyokuwapo viliandikwa na wageni waliowaona babu zetu kama watu wasiomjua Mungu kabisa. Mbiti akaanza kukusanya. Aliwauliza watu, aliwatuma wanafunzi wake waulize nyumbani kwao, alisoma kila kilichoandikwa, mpaka akawa na habari za karibu makabila 300 ya bara hili: wanamwitaje Mungu, wanamwomba vipi, wanasema alifanya nini. Mihadhara yake ikawa kitabu, African Religions and Philosophy, mwaka 1969, na mwaka uliofuata kikaja kingine juu ya mawazo ya Waafrika kuhusu Mungu. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: wamisionari hawakumleta Mungu Afrika. Mungu ndiye aliyewaleta wao. Walichokuja nacho ni habari za Yesu Kristo, na habari hizo zilieleweka kwa sababu watu walikuwa tayari wana jina la Mungu midomoni.

Hebu tulisikie hilo tukiwa hapa Manga. Wazee wetu walimtaja Engoro kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Leo tunasema Nyasae, ndivyo tunavyoimba, na hakuna anayeona ajabu. Lakini wako kati yetu waliofundishwa kwamba kila kitu cha kabla ya kanisa kilikuwa giza, na kwamba hata kuitaja Ngoro ya Mwaga mbele ya watoto ni kufungua mlango mbaya. Mbiti hakusema kila kitu cha zamani kilikuwa chema. Alisema kitazamwe kwanza, kisha kihukumiwe kwa Injili, badala ya kuhukumiwa kwa kuwa ni chetu.

Alipingwa, tena na Wakristo wenzake, na ni vizuri vijana wajue. Dakta Byang Kato kutoka Nigeria, aliyekuwa katibu mkuu wa ushirika wa makanisa ya kiinjili ya Afrika na Madagaska, aliandika kitabu cha kuonya juu ya mashimo yaliyo katika theolojia ya Afrika, na Mbiti alikuwa mmoja wa aliowalenga waziwazi. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1975 hapo Kisumu tu, ng'ambo ya Sondu, na Evangel Publishing House. Kato aliogopa kwamba tukiisifu sana dini ya mababu, mwisho tutasema hakuna haja ya Msalaba. Hofu hiyo si ya kijinga. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Kato alikufa maji Mombasa, akiwa bado kijana, na mjadala ukabaki bila sauti yake. Upande wa pili alikuwako Okot p'Bitek, mshairi wa Acholi, ambaye hakuwa na shida na dini ya mababu. Shida yake ilikuwa kwamba wasomi Wakristo kama Mbiti walikuwa wanamvika Mungu wa Kiafrika nguo za Kigiriki ili apendeze kanisani. Kwa hiyo mtu mmoja alipigwa mawe kutoka pande mbili: huyu akimwambia amekuwa Mwafrika mno, yule akimwambia amekuwa Mkristo mno. Mchungaji akipata lawama za namna hiyo kwa wakati mmoja, mara nyingi yuko mahali penye kazi.

Sisi wenyewe hatukubaliani naye katika kila jambo. Mbiti alifundisha kwamba Mwafrika wa jadi aliuona wakati kwa sehemu mbili, na akaziita kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kesho ya mbali, alisema, karibu haikuwapo. Wakati ulitembea kuelekea nyuma, kwa mababu, na si mbele. Alitoa ushahidi kutoka vitenzi vya Kikamba na Gikuyu. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga, na hapa Gusii tungempinga pia. Familia iliyokuwa inatunza ng'ombe wa mahari ya binti ili kaka yake aoe kwa ng'ombe haohao ilikuwa inafikiri juu ya nyumba ambayo haijajengwa na watoto ambao hawajazaliwa. Hiyo si kesho ya karibu.

Lakini hata pale alipokosolewa, swali lake lilikuwa la mchungaji, na linaihusu kwaya kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote. Katika utafiti wake wa Cambridge, uliotoka kama kitabu mwaka 1971, aliuliza: Mkamba aliyefundishwa na wamisionari anapoimba juu ya mbinguni, anaona nini? Aliona kwamba watu wengi waliyachukua maneno ya Agano Jipya kama yalivyo: mji, hazina, meza ya chakula, moto, nchi isiyo na machozi. Mbinguni pakawa mahali pa juu pa kuhamia baada ya taabu za hapa, na Kristo mwenyewe, ambaye ndiye maana ya maneno hayo yote, akawa kama mwenye nyumba asiyeonekana katika nyumba yake. Kosa halikuwa la waumini, kwa maoni yake. Waliofundisha hawakukaa kitako kuuliza neno lao linapokelewaje katika lugha ya wasikilizaji.

Tuliposoma hoja hiyo tulifungua daftari letu la nyimbo. Hatutawatajia hesabu, maana mwalimu wa nyimbo yuko hapa na siku ni ya furaha. Tuseme tu kwamba nyimbo zetu za mbinguni ni nyingi sana, kwamba katika nyingi ya hizo kuna lango, kuna taji na kuna makao, na kwamba Bwana Yesu katika baadhi yake anapatikana kwenye kiitikio peke yake. Tunaziimba mazishini. Mama aliyefiwa anaziimba na sisi akilia. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kumwambia aache. Lakini mtu anayetutungia nyimbo, na mtu anayehubiri juu ya kaburi, anahitaji kuwa amekaa na Biblia hiyo muda mrefu kuliko sisi, ili mama yule apewe kitu cha kumshika mkono zaidi ya mji wa dhahabu. Ndiyo maana ya shule ya theolojia, kama tunavyoielewa.

Sasa turudi kwa mzee wetu na moto wake. Mbiti alimjibu kabla hajauliza, kwa hadithi aliyoiandika katika makala moja, na tunaisimulia kwa namna yetu. Kijana wa Kiafrika anakwenda Ulaya kusomea theolojia. Anakaa miaka mingi. Anajifunza Kijerumani, Kifaransa, Kigiriki, Kilatini na Kiebrania, anawasoma wakubwa wote, anapata udaktari. Anarudi nyumbani na mizigo ya vitabu iliyozidi uzito wa ndege. Kijiji kinamngoja: ndugu, majirani, kila mtu amekuja kumwona mtoto wao aliyejua yote ya Mungu. Chakula kinapikwa, watu wanacheza. Katikati ya furaha dada yake mkubwa anapiga kelele na kuanguka. Watu wanamkimbilia, kisha wote wanamgeukia daktari wa theolojia. Anasema apelekwe hospitali. Hospitali iko mbali. Wanamwambia ni pepo wa ndugu aliyekufa zamani, na kwamba yeye ndiye aliyesomea mambo ya Mungu, basi amsaidie dada yake. Anavikimbilia vitabu vyake, anamtafuta Rudolf Bultmann, yule mwalimu mkubwa wa Ujerumani, na anakuta kwamba mambo ya pepo yamekwisha kufafanuliwa kama mawazo ya watu wa kale. Dada bado yuko chini.

Mbiti hakuisimulia hadithi hiyo kuwacheka waliosoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amesoma hivyo: Marekani, Cambridge, Kigiriki na vyote. Alikuwa anawauliza walimu wa Ulaya kwa nini wanaiita theolojia yao ya dunia nzima ilhali haijawahi kukaa kando ya dada yule. Alikuwa anawauliza Waafrika pia kwa nini tunaleta nyumbani mizigo tuliyofungiwa na wengine. Mzee wetu, kwa hiyo, ana haki. Kijana anaweza kurudi amepoa. Lakini angalieni hadithi vizuri: kijiji kile hakikumlaumu kwa kusoma. Kilimtaka asaidie kwa alichosoma. Asiyesoma kabisa naye alikuwa amesimama palepale, na dada alikuwa bado yuko chini.

Mwaka 1974 Mbiti aliondoka Makerere, akawa mkurugenzi wa Taasisi ya Bossey, karibu na Geneva, ambayo ni shule ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Huko aliwaita wanatheolojia wa Afrika na Asia wakae pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa sababu kwa muda mrefu sisi na Waasia tulikuwa tunasalimiana kupitia Ulaya.

Baada ya Bossey likaja jambo linalotugusa zaidi. Profesa mwenye jina dunia nzima, badala ya kutafuta kiti kikubwa zaidi, alikuwa mchungaji wa parokia katika mji mdogo wa Uswisi, Burgdorf, mke wake akiwa Mswisi. Akakaa katika utumishi huo kwa miaka 15 hivi, hadi alipostaafu mwaka 1996. Alibatiza, alizika, aliwafundisha vijana wa kipaimara, alihubiri kwa Kijerumani kwa watu ambao babu zao walikuwa wakituma wamisionari kwetu. Wakati huohuo alikuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Bern. Tunawaza juu ya Jumapili ya kwanza, Mkamba wa Mulango akipanda mimbari ile, na wakulima wa maziwa wakimtazama. Hatujui waliwaza nini. Tunajua walikaa naye.

Hata huko hakuacha Kikamba. Katika uzee wake, akiwa amepita miaka 80, ilitoka kazi yake ya Agano Jipya aliyolitafsiri kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, bila kupitia Kiingereza. Kwa nini mtu wa umri huo ajitese, wakati Wakamba tayari walikuwa na Biblia? Sisi wa Gusii tunaweza kujibu haraka kuliko wengine. Mtoto wa Manga anapofundishwa Sala ya Bwana kwa Kiswahili, neno la kwanza analosikia ni "Baba". Nyumbani, kwa Ekegusii, baba ni mama yake! Baba yake ni tata. Mwalimu wa shule ya Jumapili hapa kanisani amewahi kuulizwa na mtoto wa miaka mitano kama Mungu ni mama yetu wa mbinguni. Watu walicheka. Mtoto hakucheka, alikuwa ametafsiri sawasawa. Neno moja likivuka mlima linaweza kubadilisha aliyeketi kitini. Mtu anayelijua hilo hachoki kurudi kwenye Kigiriki, na anayelijua hilo ndiye tunayetaka atuhubirie.

Mbiti alilala Oktoba 2019, huko Burgdorf, akiwa na miaka 87. Ameacha mke na watoto wanne, vitabu, na wanafunzi ambao wengi wao sasa ni walimu wa walimu.

Kijana wetu ataondoka muhula ujao. Tumemwomba mambo matatu mbele ya kamati, na ameyakubali: kwamba atarudi likizo na kuimba tena nasi hata akiwa amejua Kigiriki, kwamba kila atakachofundishwa atajaribu kukisema kwa Ekegusii mbele ya omong'ina mmoja wa kanisa hili kabla hajakihubiri, na kwamba akiitwa usiku kwa mgonjwa, aende kwanza, vitabu vitamngoja. Mzee wetu aliyeuliza swali ndiye aliyekubali kuwa mlezi wake, na ndiye atakayempelekea barua za kwaya. Tuliona hilo ni bora kuliko kumshinda kwa kura.

Kinanda kitaendelea na vitufe vyake vitatu. Wimbo unaofuata hautakihitaji, kwa kuwa utaimbwa kwa obokano. Tunajua wako waliosema obokano ni chombo cha pombe na ngoma za usiku. Baraza la wazee limekisikiliza, limesikiliza na maneno ya wimbo, ambayo yote ni zaburi, na limeruhusu. Anayekipiga ni omogaka aliyekifahamu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na nyuzi zake nane amezikaza tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya baridi ya huku juu.

Vikapu vitapita wakati wa wimbo huo. Wanaotoa kwa simu, nambari iko nyuma ya kijitabu hiki, na mhazini yuko kando ya mlango wa upande wa shule akiwa na kitabu cha risiti. Sauti ya kwanza na ya pili, tafadhali njooni mbele sasa. Tena na besi wabaki nyuma ya mimbari mpaka obokano kianze.